Mara Sita

Kila Jumanne, theluji isipoziba njia,
Kinuyo huenda kwa baiskeli hadi nyuma ya shule,
hufungua kibanda cha bati kisichozidi kabati la vyombo.
Ndani mna vipimo viwili vya tetemeko:
kimoja hapa juu, kwenye zege;
kingine mita mia na kumi chini,
kimekaa gizani juu ya mwamba.
Hufuta vumbi, hukagua betri,
huandika daftarini: Hakuna hitilafu.

Mtaa wote umelala juu ya matapishi ya mto:
mchanga, tope, mchanga tena, mizizi ya matete.
Baba yake alipanda mpunga hapa
hadi manispaa ilipofukia majaruba
ikajenga maghorofa, ikayapa namba badala ya majina.

Februari, saa tisa usiku, likaja dogo,
la kugonganisha bilauri na kumwamsha paka.
Asubuhi akazilaza grafu mbili sambamba mezani.
Chini, mwamba ulinong'ona neno moja.
Juu, udongo ulilirudia mara sita,
kama jirani anayesikia kikohozi akatangaza msiba.
"Mimi sikusikia kitu," dada yake alisema kwenye simu,
Fusae wa mlimani, ambaye nyumba yake imekalia jiwe tupu.
"Ninyi huko bondeni mnapenda makubwa."

Kinuyo akachukua kalamu.
Kama mnong'ono ni mara sita, ukelele je?
Akazidisha. Akalitazama jibu. Akalifuta.

Mhandisi Nagumo wa mkoa alicheka kidogo.
"Usizidishe hivyo, mama.
Udongo ukisukumwa kidogo hurudi mahali pake
na kurukaruka kama kitanda cha springi.
Ukisukumwa kwa nguvu hulegea, huchoka,
punje husuguana na kuumeza mtikisiko humo humo.
Siku ya siku, labda mara mbili. Labda isifike."
"Basi ni heri."
Akautazama mchanga mbichi kwenye viatu vyake.
"Nimesema utatikisika pungufu ya hesabu yako.
Sikusema utabaki kuwa udongo."

Lilikuja Juni, wali ukiwa jikoni.
Mwanzo lilikuwa lile lile la kugonganisha bilauri,
kisha sakafu ikasahau haraka yake,
ikaanza kuvuta, polepole, huku,
na kule,
na vikombe havikuvunjika,
na hilo ndilo lililomtisha.
Uwanja wa shule ukachemka bila moto,
ukatema maji ya kijivu na mchanga laini kama majivu.
Ghorofa Namba Tatu likainama zimazima,
likalala chali bila kupasua kioo;
Bwana Bessho akatokea dirishani
akatembea juu ya ukuta, birika bado mkononi.

Mlimani, mwamba haukumeza kitu.
Ulichopokea ulikitoa chote, kikali, cha harakaharaka:
kigae baada ya kigae, ukuta wa bustani,
mfupa wa bega la Fusae.
Hospitalini alisema neno moja tu:
"Nimelisikia."

Kibanda kimeinama kama kofia ya mlevi.
Grafu zote mbili zimo.
Kinuyo anapima kwa rula, anapima tena.
Anaandika: Moja na robo.
Usiku ule ule, kwa vitoto vya tetemeko: mara tatu.
Agosti: mara nne.
Novemba, theluji ya kwanza, dogo la kuyumbisha taa:
tano na nusu.

Udongo unapona, anajiambia,
unaurudia umbeya wake.
Hajui kama afurahi.
Anafuta vumbi, anakagua betri,
na anapofika kwenye neno hitilafu
kalamu inasita.